Je, Mwenyeji Amepona? Maoni Juu ya Mji wa Vang Vieng

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili twalitamka kila tumkaribishapo mtu, lakini mgeni akiisha kuondoka ni nadra kuuliza kama mwenyeji amepona kweli. Leo twataka kuuliza. Mji tutakaoupima kwa neno hili ni Vang Vieng, katika nchi ya Laos, Asia ya Kusini Mashariki. Ni mji mdogo, yapata kilomita 130 kaskazini ya Vientiane, mji mkuu wa nchi ile. Hata hivyo, vijana wa Ulaya, Australia na Marekani wasafirio kwa fedha kidogo, shanta mgongoni, walijua jina lake kuliko majina ya miji mingi mikubwa. Wako wausifuo kama bustani ya Edeni, na wako waulaanio. Tulipoufikia tuliona kwamba pande zote mbili zina sehemu ya haki.

Tuanze na sifa, maana adabu yataka hivyo. Mto Nam Song wapita kando ya mji, na ng'ambo yake milima ya mawe ya chokaa imesimama wima kama kuta. Alfajiri ukungu huikata katikati, hata vilele vyaonekana kama vimetundikwa hewani. Chini yake ni mashamba ya mpunga, na ndani yake ni mapango. Pango la Tham Jang hupandiwa kwa ngazi ndefu. Zamani watu walijificha humo wakiwakimbia wavamizi waliotoka China. Pango la Tham Phu Kham lina sanamu ya Buddha aliyelala, na nje yake ni bwawa la maji ya buluu. Mvua zikiisha, watu hujenga madaraja ya mianzi juu ya mto, na kila avukaye hulipa ada ndogo. Mafuriko yakilichukua daraja, hulijenga tena. Biashara ya namna hii twaipenda, kwa sababu mwenyeji ndiye bwana wake. Tena wali wa kule, ule unatao, huliwa kwa mkono kutoka katika kikapu kidogo. Mtu wa kwetu akiketi hapo hahitaji kufundishwa kula.

Sasa lawama. Mwaka 1999 mkulima mmoja mwenye shamba karibu na mto alinunua mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, ili vijana waliomsaidia kulima wapate kuelea mtoni na kupumzika baada ya kazi. Lilikuwa jambo jema lisilo na hila. Lakini wengine waliona fedha ndani yake. Vibanda vya pombe vikaota kando ya mto, pamoja na bembea ndefu na miteremko ya kutelezea majini. Pombe iliuzwa kwa ndoo. Bangi, kasumba na uyoga wa kulevya viliandikwa katika karatasi za vyakula, kama mtu aandikavyo mayai na mkate. Vijana walitembea njiani nusu uchi, katika nchi ambayo watawa hupita alfajiri kupokea sadaka ya chakula, na wanawake hujifunga nguo ndefu kwa staha. Katika mwaka 2011 peke yake hospitali ya mji ilihesabu vifo vya wageni wasiopungua 27. Wengine walizama, na wengine walijitupa penye maji machache wakavunja vichwa juu ya mawe.

Ni nani wa kulaumiwa? Kwanza mgeni. Yeye hudhani kwamba fedha yake imenunua mji, kumbe imenunua kitanda na sahani ya wali tu. Ayafanyayo huko hangethubutu kuyafanya mbele ya mama yake. Lakini mwenyeji naye ana sehemu yake. Mwenyeji wa kweli humnyima mgeni kitu kitakachomwua, hata mgeni akikililia. Hatumlaumu sana maskini mwenye kibanda, aliyeona jirani yake akipata kwa siku moja fedha ambayo shamba halimpi kwa mwezi. Lawama kubwa ni ya wenye mamlaka, waliongoja hata maiti zikawa nyingi na aibu ikafika katika magazeti ya ng'ambo.

Hatimaye, mwaka 2012, serikali ilivifunga vibanda vile vya mtoni. Watu wengi waliogopa, wakasema mji utakufa kwa njaa. Haukufa. Walevi walipungua, na wageni wengine wakaja: wapandao majabali, wapigao kasia, na watu wengi wa Korea ya Kusini baada ya mji kuonyeshwa katika televisheni yao mwaka 2014. Mwezi Desemba 2021 reli itokayo China ilifunguliwa, na tangu hapo safari ya kutoka Vientiane ni ya saa moja hivi. Mipira ingali inaelea mtoni, ila kwa kiasi. Jambo hili walikumbuke wale wasemao kwamba mgeni akikatazwa lo lote hatarudi.

Walakini uponyaji haujatimia. Vigari vya kukodi vyatimua vumbi na kupiga kelele kati ya mashamba, na hoteli ndefu zaanza kuificha milima ile ile ambayo watu huja kuitazama. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba mwezi Novemba 2024 wageni sita walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Sumu hii ni vigumu kuitambua kwa ladha au kwa harufu. Mwili huigeuza kuwa asidi iharibuyo macho, kisha huua. Sisi wa Afrika ya Mashariki tusitikise vichwa kana kwamba ni habari za mbali, maana mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa sumu iyo hiyo. Tamaa ya mwuzaji haiulizi mnywaji ametoka nchi gani.

Je, mtu aende Vang Vieng? Twasema aende. Na aamke mapema, avuke daraja la mianzi, alipe ada yake bila kunung'unika, avae kwa heshima, na pombe kali aiache. Lakini neno letu kubwa ni kwa wasomaji wakaao penye njia za wageni, kama Moshi, Lamu au Nungwi. Kaeni pamoja, wazee kwa vijana, mkapatane ni kitu gani hakitauzwa kwenu kwa bei yo yote. Tena mpatane mapema, kabla fedha haijazoeleka. Watu wa Vang Vieng walichelewa miaka zaidi ya kumi. Nasi tukiulizwa kama mwenyeji yule amepona, twajibu kwamba ameinuka kitandani, lakini bado hajapata nguvu zake.