Visu vya Isiolo: Vitano Mezani, Kimoja Moyoni

Nianze na hukumu, maana siwezi kuibana kifuani hadi mwisho: kisu kitamu kuliko vyote nilivyoshika mwaka huu hakikutoka Sheffield, wala Solingen, wala Texas. Kimetoka Isiolo! Kimefuliwa kwa springi ya lori, kina makali upande mmoja, na mpini wake ni pete za shaba, alumini na mfupa wa ngamia zilizobanana hata ukucha haupati pa kupenya. Nilipokichomoa tu kwenye ala, vile vinne vilivyobaki juu ya meza vilianza kuonekana kama vimechelewa.

Lakini haki ni haki. Vyote vitano vimefuliwa kwa mkono, vyote vina wapenzi wao, na kila kimoja lazima kipewe zamu yake.

Kwanza, kwa nini Isiolo? Kwa sababu mji huu umekaa mahali ambapo chuma, mifugo na watu vinakutana. Kwa miongo mingi lami ya kutoka Nairobi iliishia hapa. Mbele yake kulikuwa na changarawe, mawe na mabonde, karibu kilomita 500 hadi Moyale, na barabara hiyo ilivunja springi za magari bila huruma. Lami ilikamilika hadi mpakani katika muongo wa 2010, lakini malori ya ng'ombe na ngamia bado yanabeba kupita kiasi na bado yanavunjika. Springi iliyovunjika kwa dereva ni hasara. Kwa mhunzi ni mali ghafi ya daraja la juu, kwa sababu chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kushika makali na kina unyumbufu wa kutosha kisikatike ovyo.

Halafu kuna watu wenyewe. Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru, na Wasomali ambao baadhi ya wazee wao walikuwa askari wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wakapewa makazi hapa baada ya vita. Kila jamii ilikuja na mifugo yake na wazo lake kuhusu kisu kinavyopaswa kuwa. Msafiri aliyewahi kupita hapa kwa basi anawakumbuka wauzaji wa bangili za shaba na alumini wanaojaa dirishani. Waulize visu, nao watakuonyesha. Ni wapi kwingine unaweza kulinganisha mikono ya ufundi ya jamii kadhaa bila kuhama kivulini?

Sasa vigezo. Wapenzi wa visu vya Bowie, vile visu vikubwa vya Kimarekani vilivyopewa jina la Jim Bowie baada ya ugomvi wa mwaka 1827 kando ya mto Mississippi, wana mtihani wao maarufu. American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu kilichoanzishwa mwaka 1976, humtaka mwanafunzi akate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, apasue mbao mbili, kisha anyoe nywele za mkono kwa makali yaleyale, na mwisho abane kisu kwenye jiliwa akipinde hadi nyuzi 90 bila kukatika. Nani atakuruhusu kupinda bidhaa yake nyuzi 90 sokoni? Nikachukua kamba ya mkonge, kijiti cha mgunga mkavu na unyoya wa mkono. Nikaongeza maswali mawili ya kaskazini: je, kitachuna mbuzi bila kutoboa ngozi? Na je, ubapa umeshikana na mpini, au vinaishi pamoja kwa kuvumiliana tu?

Swali hilo la mwisho hujibiwa kwa sikio. Shika mpini kwa vidole viwili, gonga ubapa kwa ukucha. Kisu kilichoshikana hulia mlio mmoja, safi. Kilicholegea hutoa mtetemo wa chini wenye mikwaruzo. Muuzaji wangu, mama mmoja wa makamo mwenye leso begani, alinitazama nikigonga, akasema, "Kijana, taratibu. Hicho si mwiko." Nikamjibu, "Pole mama, nasikiliza." Akacheka, akanisogezea vingine.

Cha kwanza: sime ya Kisamburu. Lo, ile ala nyekundu! Wasamburu huiita lalem, na moran, kijana shujaa wao, bila hiyo kiunoni anaonekana kama hajamaliza kuvaa. Makali pande mbili, ubapa mwembamba karibu na mpini, kisha unapanuka kuelekea ncha, kwa hiyo uzito wote uko mbele. Ukiipiga kwenye kijiti cha mgunga, mkono unafanya nusu ya kazi na sime inamaliza iliyobaki. Kamba ya mkonge haikupata hata nafasi ya kuyumba. Mpini umevikwa ngozi iliyokazwa ikiwa mbichi, ikakaukia palepale. Mapungufu? Makali pande mbili yanamaanisha huna pa kuweka kidole cha shahada, na kuchuna bila kidole hicho mgongoni ni kubahatisha. Tena nyingi za siku hizi zimechongwa kutoka panga la dukani, na panga haliwi springi hata likipakwa rangi. Alama 8 kati ya 10.

Cha pili: abarait ya Waturkana, kisu cha kuvaa mkononi. Hapa nilipiga kelele, nakiri. Ni bangili bapa ya chuma yenye makali kuizunguka ukingo wa nje, na ukanda wa ngozi unaofunika makali hayo hadi yanapohitajika. Mikono yote miwili inabaki huru kushika fimbo, kamba au mguu wa mbuzi, na kisu kipo palepale. Kwa ubunifu hakina mpinzani mezani. Kinakata nyama vizuri ajabu, kwa kuivuta nyama ielekee kwenye makali. Lakini kwa kijiti hakifai, na nyingi zinazouzwa leo zimetengenezwa kwa ajili ya wageni: chuma laini, makali ya maonyesho. Ukipata ya zamani iliyovaliwa na mchunga mifugo halisi, usiulize bei mara mbili. Alama 7.

Cha tatu: billaawe ya Kisomali. Enyi wapenzi wa urembo, kaeni chini. Ubapa una umbo la jani, unajibana katikati kisha unachongoka, na mpini wa pembe unaishia kwa ncha tatu zilizosimama. Ukiuona kwa mara ya kwanza unafikiria majambia ya ng'ambo ya bahari, ile familia ya khanjari ya Oman ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2022. Ilipogongwa ililia mlio mmoja. Unyoya wa mkono uliondoka bila kuaga. Shida yake ni kwamba ilizaliwa kwa kuchoma, si kwa kukata, na ncha zile tatu zinaukaba mkono ukifanya kazi ndefu. Ni kisu cha kuvaa arusini na kurithisha mtoto. Alama 8, na nusu ya alama hizo ni za macho.

Cha nne ndicho nilichokikimbilia kwanza: kisu chenye sura ya Bowie kabisa! Mgongo umekatwa ndani kuelekea ncha, kikingio cha shaba mbele ya mpini, ubapa uking'aa hadi najiona meno. Moyo ulidunda. Nikakigonga. Mtetemo. Nikakigonga tena. Mtetemo tena, na kikingio kikacheza. Msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ulikuwa mfupi na umejazwa gundi. Nikaomba tupa, nikaitelezesha juu ya makali, nayo ikang'ata chuma kama vile si kitu. Maana yake ni kwamba chuma hakikupata moto na oili inavyotakiwa, kwa hiyo kitanoleka haraka na kuwa butu haraka zaidi. Sura imeigwa, kazi imeachwa. Alama 5, na hizo ni kwa heshima ya shaba.

Na sasa, cha tano!

Ukikiona mezani hutakitamani mara moja. Ubapa hauzidi shubiri na ushei. Haung'ai, una weusi wa moto karibu na mgongo ambao fundi hakujali kuupiga msasa. Lakini upokee mkononi. Mizani yake inaangukia palepale kidole cha shahada kinapokunja, mbele kidogo ya noleo, ile pete ya chuma mahali ubapa unapoingia mpinini. Mgongo ni mnene na bapa, kidole gumba kinakaa bila kuumia. Karibu na ncha mgongo unashuka taratibu, kwa hiyo ncha inafika chini na kuingia kati ya ngozi na nyama bila kutoboa chochote. Kile ambacho kisu cha nne kiliiga kwa macho, hiki kimekifanya kwa sababu kazi ilikihitaji.

Nikagonga. Mlio mmoja, mrefu. Nikaichukua tupa tena. Juu ya makali tupa ikateleza. Juu ya mgongo ikang'ata. Hapo ndipo nilipoishiwa na maneno, maana hiyo ni alama ya mhunzi anayejua anachofanya: amezamisha makali kwenye oili yakakaza, mgongo akauacha laini ili kisu kipinde badala ya kuvunjika. Nikasimamisha ncha juu ya ubao, nikaegemea kidogo. Kikapinda, nikaachia, kikarudi sawasawa. Kamba: pigo moja. Kijiti cha mgunga: mapigo machache, hakuna jino lililong'oka kwenye makali. Baada ya hapo bado kikanyoa mkono!

Katika mji ambako mbuzi huchinjwa kila siku, na ambako dini ya wengi inaagiza kisu cha kuchinjia kiwe kikali ili mnyama asiteseke, hicho ndicho kisu. Kitachinja, kitachuna, kitakata matawi ya kuziba boma jioni, na kesho yake kitapita juu ya kinoo mara chache na kuanza upya.

Kasoro zipo. Kitashika kutu ukikiacha na maji au damu, kwa hiyo kipake mafuta. Mshono wa ala ni wa haraka, utaupeleka kwa fundi wa viatu kabla ya mwaka kwisha. Hakina kikingio, kwa hiyo usikitumie kwa kuchoma. Mama alianza kwa shilingi 2,500, tukakubaliana 1,800, na nilimwongezea kidogo kwa sababu aibu ilinishika.

Ukienda kununua, uliza mpini ni wa nini. Mfupa wa ngamia au ng'ombe na pembe ya ng'ombe ni halali na zinapendeza. Pembe ya ndovu au kitu chochote cha mnyamapori usiguse, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mchezo. Kisu kiweke ndani ya mzigo, si kiunoni, na ukipanda ndege kiende na mizigo ya chini.

Alama ni 9. Ile ya kumi nimeizuia kwa sababu moja. Nilimuuliza mama ni fundi gani aliyekifua, akasema hununua kwa wahunzi kadhaa na hajui hiki kilitoka tanuri lipi. Kisu cha Bowie cha mhunzi wa Marekani hubeba jina la mfuaji kwenye ubapa, na jina hilo hupandisha bei. Wahunzi wa kaskazini, Tumal kwa Wasomali, Lkunono kwa Wasamburu, Tumtu kwa Waborana, wamehitajiwa na kila mtu kwa vizazi huku wengi wakikataa kuoana nao. Imetosha. Fundi wa Isiolo, tafuta patasi, chonga alama yako, hata herufi mbili tu, ipige kwenye chuma kabla hakijazamishwa kwenye oili. Na wewe mnunuzi, uliza jina kabla ya kuuliza bei. Siku alama hiyo itakapoonekana kwenye ubapa kama huu, nitatoa 10 bila kusitasita.