Kingo za Macheo: Tahakiki ya Utunzi na Ukataji wa Picha za Alfajiri katika Pwani ya Tanga

Tahakiki hii inashughulikia picha za mandhari ya macheo zinazopigwa katika pwani ya Tanga, kutoka Raskazone hadi Tongoni na Pangani. Inaangalia mambo mawili yasiyotenganishika: namna picha inavyotungwa wakati kamera imeelekezwa baharini, na namna inavyokatwa kingo zake baadaye. Hoja inayotetewa ni kwamba ukataji, ambao aghalabu huchukuliwa kuwa usafi wa mwisho tu, ndio unaoamua picha itasema nini kuhusu pwani. Tena, kanuni zinazouongoza zimeazimwa bila kupimwa kwa jua, maji na watu wa mahali hapa.

Data kuu ni picha 12 zilizopigwa na mwandishi mwenyewe, zikisomwa sambamba na mazoea ya kadi, kalenda na vipeperushi vya utalii. Kujihakiki kuna hatari inayojulikana. Hata hivyo, kuna faida moja ambayo mhakiki wa picha za wengine hana: mwandishi anazo picha kabla hazijakatwa, na anajua alichokitupa.

Tuanze na jua lenyewe. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Tangu ukingo wake wa juu uonekane hadi duara lote liwe juu ya upeo wa bahari hupita kama dakika mbili tu. London huchukua zaidi ya tatu hata katika majira ambapo jua huchomoza upesi kuliko nyakati nyingine. Maelekezo ya vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya, yanayomtaka mpigapicha atulie, apime, abadilishe lenzi na kujaribu tena, hayafai hapa. Mpigapicha wa Raskazone lazima awe ameshatunga picha yake gizani, kabla ya jua kuwako. Isitoshe, mahali jua linapochomoza huhama takriban nyuzi 47 kati ya Juni, linapokuwa kaskazini mwa mashariki, na Desemba, linapokuwa kusini. Lenzi ya milimita 50 katika kamera ya fremu kamili huona kama nyuzi 40 kwa upana. Maana yake ni kwamba aliyesimama mahali pamoja mwaka mzima, bila kugeuza kamera, atalikosa jua kwa miezi kadhaa. Mtunzi wa picha za macheo anatunga kwa kalenda pia.

Jambo la pili ni udogo wa jua. Macho yanapolitazama hulikuza, kamera hailikuzi. Kwa lenzi hiyo ya milimita 50, sura ya jua katika fremu yenye upana wa milimita 36 haifiki hata nusu milimita. Hapo ndipo kishawishi cha kukata kinapozaliwa. Picha imefika nyumbani, jua ni punje ya mtama, na mkono unakwenda kwenye programu kuvuta kingo ndani. Anayekata ili apate ukubwa ambao angeupata kwa lenzi ya milimita 200 anabakiwa na sehemu moja ya kumi na sita ya picha: kutoka pikseli milioni 24 hadi milioni moja na nusu. Katika picha za mwandishi, ya 3 na ya 4 ziliharibiwa hivyo. Jua lilikua kweli, lakini bahari iligeuka kuwa chembechembe, na kisiwa kilichokuwa kikitambulisha mahali kikatoweka. Zilizobaki ni picha za jua lolote juu ya maji yoyote.

Upande wa utunzi, kanuni inayotajwa mno ni ile ya theluthi, inayokataza mstari wa upeo kupita katikati ya picha. Kanuni hii ilitajwa kwa jina hilo na John Thomas Smith mwaka 1797, katika kitabu chake kuhusu mandhari ya mashamba, na iliwahusu wachoraji. Leo imo ndani ya simu kama gridi ya mistari minne, na wengi huifuata bila kuuliza ilitoka wapi. Mwandishi naye aliifuata. Picha 9 kati ya 12 zina upeo kwenye theluthi ya chini, mbingu ikichukua sehemu kubwa.

Lakini asubuhi ya maji yaliyotulia, mbingu na bahari huwa vitu viwili vinavyojibizana, kila rangi ya juu ikiwa na mwenzake chini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa uzuri wa mgawanyo huo. Shairi la tarbia lenye mizani 16 hukatwa katikati, nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao, na kina cha kati ndicho kiungo. Hakuna anayelishutumu kwa kukosa mvuto kwa sababu nusu zake zinalingana; Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliitumia mizani hiyo bila kuiomba radhi. Haidaiwi hapa kuwa picha ni shairi, wala kwamba upeo wa katikati unafaa kila siku. Siku ya mawimbi ya kusi haufai hata kidogo, kwa kuwa nusu ya chini haina cha kuijibu nusu ya juu. Kinachodaiwa ni kwamba ulinganifu ni uamuzi halali wa kisanaa katika utamaduni huu, na kwamba picha ya 5, iliyokatwa juu na chini ili upeo uhame katikati, ilikuwa bora kabla ya kukatwa.

Yapo makato ambayo hayana mjadala. Upeo wa bahari ukiinama, jicho halisamehe, hivyo picha hugeuzwa. Kuinyoosha kwa nyuzi 2 tu, huku uwiano wa 3 kwa 2 ukihifadhiwa, hugharimu takriban asilimia 10 ya eneo lake. Basi aliyepanga vitu muhimu pembeni kabisa ajue kuwa hiyo ni kodi atakayoilipa.

Suala zito liko katika picha ya 7. Ilipigwa Tongoni, karibu na magofu ya msikiti na makaburi ya kale, wakati wa bamvua, maji yakiendelea kutoka. Fremu nzima ina pikseli 6000 kwa 4000. Sehemu ya chini kushoto wanaonekana wanawake watatu wameinama kwenye maji ya magotini, wakitanda uduvi. Mwandishi aliikata iwe na uwiano wa 16 kwa 9, kwa kuwa ndio uwiano wa skrini, akatoa mistari 625 ya chini. Wanawake wote wakaondoka. Iliyobaki ilisifiwa na kila aliyeiona: utulivu, upweke, pwani isiyoguswa. Sifa hizo zilikuwa za uongo, na uongo huo ndio wa kalenda nyingi. Saa kumi na mbili alfajiri pwani hii haina upweke. Pale Deep Sea mjini Tanga wavuvi wa usiku wanarudi na wachuuzi wameshafika. Macheo ni saa ya kazi.

John Szarkowski, katika kitabu chake cha 1966, aliihesabu fremu kuwa mojawapo ya mambo matano ya msingi ya picha, kwani mpigapicha hafanyi zaidi ya kuchagua na kutenga. Henri Cartier-Bresson alijulikana kwa kukataa picha zake zikatwe, ingawa ile maarufu ya mtu arukaye dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ya mwaka 1932, ilikatwa. Mjadala wao unahusu uadilifu wa jicho la msanii. Tongoni unaibuka mwingine, unaohusu anayetazamwa.

Mwandishi alirudi na nakala ya picha iliyokatwa. Mmoja wa wale wanawake aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, na sisi umetutia wapi?" Jibu la haraka lingekuwa kwamba kuwaondoa kulikuwa kuwasitiri: walikuwa wamelowa, kanga zimepandishwa, wala hawakujua kama wanapigwa picha. Hoja hii ni nzito na haipaswi kupuuzwa na wanaodai kwamba kila kato ni dhuluma. Stara ni thamani katika pwani hii, na ukingo wa picha unaweza kuwa pazia. Lakini haikuwa sababu ya kato lile. Sababu ilikuwa umbo la skrini. Pazia ambalo anayesitiriwa hakuulizwa, na aliyelishusha hakulifikiria, haliwezi kudai heshima ya stara baada ya tukio.

Tatizo hili si la watu peke yao. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, ambayo ilitoweka kabisa kufikia miaka ya 1980. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Picha za macheo zinazokatwa karibu na mchanga mweupe huliuza fungu hilo kama pepo ndogo. Zikiachwa pana, mchanga unaonekana ulivyo mwembamba na bahari ilivyo karibu, na mtazamaji anaanza kuuliza.

Walipoulizwa, wanawake wawili waliridhia waonekane na mmoja alikataa. Aliyekataa ndiye aliyekuwa ukingoni kabisa kushoto. Picha ya 7, kama inavyowasilishwa katika kazi hii, ina pikseli 5480 kwa 4000. Mistari 625 ya chini imerudishwa na mistari wima 520 ya kushoto imeondolewa. Jua ni dogo na liko karibu mno na ukingo wa kulia kwa kipimo chochote cha theluthi, na fremu nzima ya awali haikuambatishwa.