Kupasua na Kushikamana kwa Neno Moja

Msomaji wa mashairi ya Kiingereza hukutana mapema na kitenzi "cleave", naye hukwama. Maana yake ni kupasua. Maana yake ni kushikamana pia. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mume huambatana na mkewe kwa kitenzi hiki katika Mwanzo 2:24, na kuni hupasuliwa kwa kitenzi hiki hiki katika Zaburi ya 141.

Wapo wadhanio kuwa neno moja limejigeuka. Sivyo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili: "cleofan", kupasua, na "clifian", kunata. Matamshi yakasogeleana karne kwa karne hata vikavaa umbo moja. Nduguye wa kwanza ni "clove", punje ya kitunguu thomu, kwani kitunguu hicho hugawanyika. Karafuu yetu nayo huitwa "clove", lakini hilo ni jina jingine kabisa: limetoka katika Kilatini "clavus", msumari, kupitia Kifaransa. Aliyewahi kuanika karafuu hahitaji kuelezwa sababu. Nduguye wa pili ni "clay", udongo wa mfinyanzi, unatao mikononi.

Mfasiri afanyeje mtunzi anapozikusudia maana zote mbili? Kamusi humwamuru achague. Nami nimewahi kuandika "pasua" mahali palipotaka "ambatana", nikalitia shairi la ndoa talaka asiyoikusudia mtunzi wake.

Nilijitetea kwamba Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Utetezi huo ulikuwa dhaifu. Kiingereza kimekutanisha mizizi miwili katika umbo moja; Kiswahili huuchukua mzizi mmoja na kuugeuza kwa kiambishi: bandika, bandua; ambata, ambua. Yakikaribiana katika ubeti, sikio husikia undugu wa maneno haya kabla ya kuusikia ugomvi wao. Tena tunacho kitenzi "ambaa": chombo kiambaacho pwani hakiiachi nchi kavu wala hakiigusi. Ukaribu na kuepuka vimo ndani ya neno moja, na manahodha wamelitumia bila kulionea ajabu.

Basi tafsiri ya "cleave" isitafutwe katika neno moja la kamusi, itafutwe katika jozi, ndani ya ubeti. Achaguaye upande mmoja tu huwa amefasiri nusu ya shairi, na nusu iliyobaki msomaji hataijua kamwe.