Utani wa Wapiga Besi

Utani ni sanaa ya kusema kweli chini ya kivuli cha mzaha. Wataalamu wa mila wameuandika utani wa makabila ya Tanzania tangu zamani, R. E. Moreau aliuchunguza katika miaka ya 1940, na Radcliffe-Brown alitoa nadharia yake juu ya desturi za namna hiyo mwaka 1940. Maandishi ya aina hiyo huutazama utani kama sheria ya ujamaa: nani ana haki ya kumtania nani, mahali gani na kwa mpaka gani. Swali la mhakiki ni jingine, nalo ni hili: utani upi ni mzuri, upi ni mbaya, na uzuri wake hutoka wapi? Swali hilo lafaa kuulizwa juu ya utani wa watu wa kazi moja, na mfano unaotosha ni ule wa wapiga gita la besi, watu ambao huzungumza juu ya vyombo, bendi na muziki kwa kicheko kingi, na ndani ya kicheko hicho huweka mambo ambayo hawayasemi mahali pengine.

Gita la besi lina umri mdogo. Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1951, na kabla yake kazi ya sauti nzito ilifanywa na besi kubwa ya kusimama, ile ambayo bado ina kiti chake katika taarabu ya Unguja. Lakini gita hilo lilipoingia katika bendi za dansi za Afrika ya Mashariki lilikuta mahali pake pamekwisha kutengenezwa na ngoma. Si ajabu kwamba mitindo miwili mikubwa ya dansi ya Dar es Salaam, Msondo na Sikinde, imepewa majina ya ngoma. Sauti nzito ya gita imerithi kazi ya ngoma kubwa: kuwaambia watu mguu uanguke wapi.

Kazi hiyo ni kubwa, lakini heshima yake ni ndogo. Wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, ni ushahidi wa jambo hili. Wako watu wengi wawezao kuuiga mwendo wa besi yake kwa mdomo. Ni wachache wawezao kumtaja Tom Malanga aliyeipiga. Sauti imekuwa mashuhuri na mwenye sauti amebaki nyuma ya pazia. Mtu aliyewekwa nyuma ya pazia ana njia mbili: kununa au kucheka. Wapiga besi wamechagua kucheka, na uchaguzi huo ndio chanzo cha fasihi yao ndogo ya mdomo.

Mahali pazuri pa kuipima fasihi hiyo ni Usukuma. Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu katika Mkoa wa Shinyanga, ni mji wa nchi kavu, wenye pamba na ng'ombe, na katika wilaya hiyohiyo kuna Mwadui, ambako John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940. Magharibi yake, upande wa Geita, watu hutafuta dhahabu. Wakazi wa nchi hii hawakufundishwa mashindano ya muziki na redio wala na bendi. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hutajwa kwa majina ya Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi vingi. Ushindi ulipimwa kwa wingi wa watu waliovutwa upande mmoja, na watunzi wa kila upande walitunga maneno ya kumdhihaki mwenzao. Kwa hiyo sikio la Msukuma lilikwisha kuzoea kuhukumu vitu viwili pamoja: uzuri wa mdundo na ukali wa jibu.

Na uwekwe mfano wa kubuni, ili mizani ipate cha kupima. Wapiga besi wawili wamekutana Mhunze siku ya mnada, mmoja mwenyeji, mmoja ametoka Geita. Mgeni aanza: "Ngosha, gita lako limejaa pamba. Ukilipiga, watu hulala wakidhani umewatandikia godoro." Mwenyeji ajibu: "Afadhali pamba yangu watu huilalia, mtani. Lako ni karasha: lasaga mawe usiku kucha, na asubuhi dhahabu haionekani." Mgeni asema: "Haionekani kwa sababu mpiga solo wetu ameivaa shingoni." Naye mwenyeji amaliza: "Basi tu sawasawa. Wetu ameivaa pamba yote, sisi tumebaki na mbegu."

Mazungumzo haya ni mafupi, lakini yana mpango. Kwanza, kila mmoja amempiga mwenzake kwa mali ya nchi ya mwenzake: pamba kwa mtu wa Mhunze, karasha kwa mtu wa Geita. Hapana aliyeazima picha kutoka mbali. Pili, kila tusi ni hukumu ya kweli juu ya sauti. Besi iliyojaa pamba ni ile iliyofifia, isiyo na ncha wala mpaka, ambayo huwafikia wachezaji kama uzito tu. Besi iliyo karasha ni ile yenye kukwaruza, inayotoa kishindo bila noti. Mwalimu wa muziki angetumia saa nzima kueleza makosa hayo mawili. Watani wameyaeleza kwa pumzi mbili, na kila mmoja atakwenda nyumbani akichunguza amplifaya yake. Tatu, na hili ndilo jambo kubwa, katika zamu ya tatu utani umegeuka. Hauelekei tena kwa mwenzi, waelekea kwa mgawo wa sifa na faida ndani ya bendi. Walioanza kama washindani wamemaliza kama wadai wa haki moja.

Utani wa vyombo wahitaji kutazamwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya na wageni. Katika nchi tajiri wapiga besi hutaniana juu ya vitu walivyovinunua. Husemwa kwa mapenzi kwamba James Jamerson, mpiga besi mkuu wa Motown kule Detroit, hakupenda kubadili nyuzi zake mpaka zikatike. Kwake hilo lilikuwa chaguo la sauti. Kwa mpiga besi aliyechemsha nyuzi kuukuu katika sufuria ili zipate uhai wa siku chache, hilo si chaguo, ni hali. Tena katika historia ya dansi ya Tanzania vyombo kwa kawaida havikuwa vya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama cha siasa. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa, gita lilikuwa la mwajiri. Akihama alihama na vidole vyake peke yake.

Kwa sababu hiyo, mpiga besi anaposema kwamba spika ya bendi yake hukohoa kama mzee wa tumbaku, hajidharau. Anamsema mwenye spika. Mkubwa aliyesemwa kwa jina la spika hana mahali pa kushika mashtaka, kwa maana aliyetajwa ni sanduku. Hapa utani umefanya kazi ambayo mashairi ya Kiswahili yameifanya tangu kale kwa kutumia mafumbo: umepeleka lalamiko mbele ya mwenye nguvu likiwa limevaa nguo za mchezo.

Utani wa bendi una sheria yake. Mashabiki wa Msondo na Sikinde huweza kurushiana maneno bila kujali, kwa kuwa shabiki hukaa upande mmoja maisha yake yote. Mwanamuziki hawezi. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA Jazz, aliongoza Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978. Mwaka 1985 aliondoka pamoja na wenzake kwenda kuunda Orchestra Safari Sound mpya. Baadaye akarudi katika bendi yake ya zamani, ambayo ilikuwa imebadili jina lakini haikuacha Msondo. Mshindani wa leo alikuwa mwenzi wa jana na huenda akawa kiongozi wa kesho. Basi neno litakalotupwa upande wa pili lazima liwe na kipimo ambacho mtupaji mwenyewe ataweza kukivumilia akiwa amehamia huko. Mzaha wa wapiga besi juu ya bendi umekomaa kwa sababu ya hofu hiyo ya busara.

Upo pia utani wa muziki wenyewe, na hapa shabaha ya kudumu ni hesabu ya nyuzi. Mpiga solo humcheka mpiga besi kwamba ameshindwa kuhesabu zaidi ya nne. Jibu la Kisukuma lingekuwa la ng'ombe: mwenye ng'ombe sita huajiri mchungaji, mwenye wanne huwajua kwa majina. Jibu hili ni zuri kwa sababu halikani uchache. Laugeuza kuwa elimu. Na ndivyo besi nzuri ya dansi ilivyo. Noti zake ni chache, lakini kila moja imewekwa mahali inapojulikana, na nafasi kati ya noti na noti ni sehemu ya wimbo. Methali ya debe tupu lisiloacha kuvuma yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha mazoezi.

Si kila mzaha wa wapiga besi unastahili sifa. Uko utani unaomcheka mtu kwa kilema, kwa ufukara wa nyumbani kwake, au kwa gita alilokodi ili apate chakula. Utani huo hauna sanaa, kwa sababu aliyetaniwa hana jibu la kutoa, na utani usioweza kujibiwa ni pigo tu. Waswahili walikwisha kuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Uko pia utani uliochakaa, unaorudiwa na kila mtu bila kubadilishwa, kwa mfano ule wa kwamba mpiga besi ndiye rafiki wa wanamuziki. Huo haujeruhi, lakini hauoni kitu. Mizani, basi, ni mitatu: je, picha imetoka katika maisha ya wanaosema? Je, ndani yake mna hukumu ya kweli juu ya sauti au juu ya kazi? Je, mwenzi ameachiwa mlango wa kujibu?

Sanaa hii sasa imo hatarini, na hatari yenyewe haitokani na ukali wa ndimi. Suleiman Mwanyiro, mpiga besi wa Msondo, alipewa lakabu ya Computer. Binadamu alisifiwa kwa kufananishwa na mashine, na sifa hiyo ilikuwa nusu ya mzaha. Siku hizi nyimbo nyingi hutengenezwa studioni na mashine yenyewe ndiyo inayotoa besi. Sauti yake huweza kuwa safi, tena haikosei. Lakini mashine haina mnada wa kwenda, haijui pamba wala karasha, na ikiambiwa kwamba imewalaza watu haitarudi nyumbani kujichunguza. Wapiga besi walikuwa wahakiki wa kwanza wa besi kabla ya mhakiki yeyote kushika kalamu, na hukumu zao zilitolewa palepale, mbele ya mhukumiwa, kwa lugha aliyoielewa. Ambaye angependa kujua kwa nini besi ya jana ilikuwa na ncha na mpaka angefanya vyema kuwasikiliza wawili wangali wapo, wamekaa kivulini Mhunze, wakigawana mbegu zilizobaki.