Bawaba ya Communicator

Nokia 9210 ikiwa imefungwa ni simu nene ya kawaida, yenye vitufe vya namba na kioo kidogo. Ifungue kwa urefu wake, kama kasha la miwani, na ndani utakuta kompyuta: kioo kipana cha rangi chenye nukta 640 kwa 200, na kibodi kamili ya kuandikia barua. Pande hizo mbili hukutana kwenye bawaba tu, na kwangu mimi ufundi wa simu hii unaanzia hapo.

Niliwahi kuiona ikifunguliwa Misugusugu, kwenye kibanda cha fundi simu kando ya Barabara ya Morogoro, jirani na kituo ambako Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa ikikagua malori ya mizigo iendayo nchi za nje. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Ukiifungua nusu kioo kinawaka, ukiifungua yote kinazima. Fundi aliifungua na kuifunga taratibu, sikio likiwa karibu na bawaba, kisha akasema, "Fleksi hiyo, kaka. Imechoka."

Skrubu zenye kichwa cha nyota zilitoka moja moja, akazipanga juu ya karatasi kwa kufuata mahali zilikotoka, maana urefu wake haulingani. Kifuniko kilipoachia nikaiona fleksi yenyewe: utepe mwembamba wa plastiki, nyuzi za shaba zimelazwa ndani yake, umeviringishwa ndani ya bawaba. Kwa nini umeviringishwa? Ungepita moja kwa moja, kila ufunguaji ungekunja sehemu ile ile mpaka shaba ikatike. Ukiviringishwa, mkunjo unagawanyika kwenye mzunguko mzima, na simu inafunguliwa miaka na miaka. Kuna mtu kule Finland aliyekaa akaliwaza jambo hilo, na mtumiaji hakupaswa kuliona kamwe.

Kazi ya kuingiza kompyuta ndani ya simu haikuanza na 9210. Mwaka 1994 IBM waliuza Simon nchini Marekani, simu yenye kioo cha kugusa iliyotuma faksi na barua pepe. Ilikuwa na uzito wa nusu kilo hivi, na betri yake ilihimili maongezi ya saa moja tu. Nokia wakaja na 9000 Communicator mwaka 1996: gramu 397, ndani yake prosesa ya Intel ya ukoo wa 386, ule ule wa kompyuta za mezani. Ilipofika 9210, mwaka 2001, uzito ulikuwa gramu 244. Kupunguza gramu 153 huku ukiongeza rangi, hiyo si kazi ya kulipua.

Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo kila kitu kilipewa zamu. Kuume kwa kioo kuna vitufe vinne visivyo na jina, na maana yake huandikwa kiooni kulingana na kazi unayofanya wakati huo. Spika na maiki ziliwekwa mgongoni, hivyo aliyekuwa anazungumza aliigeuza, namba zikatazama nje. Usumbufu kweli, ingawa sidhani wenye nazo walichukia kuonekana. Intaneti nayo ilipatikana kwa kupiga simu, dakika zikihesabiwa.

Pale kibandani fleksi mpya haikuwepo. Fundi alitoa ya zamani kwenye mzoga wa simu nyingine, akaifuta kwa spiriti, akaiviringisha kwa kibano. Mzunguko ukipungua, utepe unavutika; ukizidi, unabanwa na plastiki. Alirudia mpaka akaridhika. Kabla ya kurudisha skrubu hata moja aliifungua na kuifunga tena na tena, macho kiooni. Hakikuzima.

E90 ya mwaka 2007 ndiyo iliyofunga ukoo wa Communicator, na mwaka huo huo iPhone ilitoka bila bawaba yoyote. Leo simu za kukunja zimerudi, kioo chenyewe kikipinda, na wahandisi wanahangaika na mkunjo upya.

Kama unayo Communicator kabatini, toa betri kabla haijavimba, na usiuze simu kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mpelekee fundi. Hata ikiwa imekufa, fleksi yake inaweza kuponya nyingine.