Zamu Alizozipata Rubinstein

Mchezo wa sataranji wa Georg Rotlewi na Akiba Rubinstein, uliochezwa Lodz mwaka 1907, unasifiwa kwa sababu Rubinstein, aliyekuwa Mweusi, alimtoa malkia wake akashinda. Sifa hiyo ni ya haki, ila ushindi ulianza kujengwa mapema, katika hatua ambazo wengi huzipita mbio.

Rubinstein alicheza ulinzi wa Tarrasch. Hakuwa na haraka ya kula askari wa c4. Alingoja hadi hatua ya 11, askofu wa Mweupe alipokwenda d3, ndipo akala. Askofu akalipiza c4, akafukuzwa kwa b5, akarudi d3: hatua tatu kufika mahali pa hatua moja. Malkia wa Mweupe naye alikwenda d2, na ngome ya Mweusi ilipofika d8 akahamia e2.

Simamisha mchezo baada ya hatua ya 15 ya Mweupe. Kete za pande zote mbili zinalingana kabisa, isipokuwa ngome moja ya Mweusi iko d8, na zamu ni yake. Aliyeanza wa pili ametangulia.

Aliyeachwa nyuma hafai kufungua uwanja. Rotlewi aliufungua: f4, e4, kisha e5. Askari wa e alipoondoka e3, mshazari wa kuelekea g1 ukabaki wazi. Askofu mweusi akatua b6 na kumsukuma mfalme h1, farasi akarukia g4, malkia akaja h4 kutishia h2.

Mweupe akajikinga kwa g3. Hapo ngome ya Mweusi ikala farasi wa c3 na kumwacha malkia aliwe. Ngome ya pili ikaingia d2, kwa kuwa malkia wa Mweupe ndiye pekee aliyemlinda askofu wake aliyekuwa amefika e4. Malkia huyo akaila ngome hiyo, e4 ikaanguka. Malkia akajitia g2, akabanwa papo hapo, na ngome iliyobaki ikaenda h3. Pigo la h2 halina dawa: farasi analilinda, askofu wa b6 ameifunga g1, na malkia hawezi kutoka. Rotlewi akakubali kushindwa katika hatua ya 25.

Unayetaka kujifunza kwa Rubinstein, kabla ya kutafuta kafara, hesabu kwanza: kete zako ngapi ziko kazini, za mpinzani ngapi, na zamu ni ya nani?