Swali la Mtangazaji wa Freretown

Mwanafunzi atokaye kisiwani kwenda shule Kisauni huvuka daraja la Nyali, na baada ya mwendo mfupi hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele iliyotundikwa hapo zamani. Ni kengele ya Freretown, mji ulioanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875 ili uwe makao ya watumwa waliokombolewa. Wazee husimulia kwamba kengele hiyo ililizwa kuwaonya wakazi kila walipohofia kujiwa na watu waliotaka kuwarudisha utumwani. Katika jamii ya mji huo alizaliwa Leonard Mambo Mbotela, mwaka 1940, ambaye baadaye sauti yake ilisikika mbali kuliko kengele yoyote. Katika insha hii nataka kuipima kazi yake ya utangazaji kama tupimavyo kitabu darasani, yaani kutazama wapi ina nguvu na wapi imepungukiwa.

Mbotela alitoka katika nyumba iliyojua thamani ya maneno. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934, kinachosimulia jinsi watu walivyotekwa, wakasafirishwa, wakakombolewa na kukaa Freretown. Mwana hakushika kalamu kama babaye, bali alishika kipaza sauti. Mwaka 1964, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, aliingia Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 yaitwa K.B.C. Alisoma taarifa za habari, akatangaza michezo ya kandanda kwa namna iliyomfanya msikilizaji auone mpira kwa masikio yake, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi kilichodumu zaidi ya miaka hamsini. Kipindi hicho kiliitwa Je, Huu ni Uungwana? Alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, mwenye umri wa miaka 84.

Na tuanze na ufundi wa kipindi hicho. Mtu atakaye kuwafundisha wengine adabu huwa katika hatari kubwa, kwa sababu hakuna asiyechoka kuhubiriwa. Mbotela aliijua hatari hiyo. Alikuwa akichukua tabia moja ya kila siku, ya mgeni, ya jirani au ya msafiri, akaieleza kwa utani hata msikilizaji akacheka, kisha akauliza swali lake. Hukumu akawaachia waliokaa kando ya redio. Huo ndio ufundi ninaousifu kwanza. Mwenye kuambiwa, "Hilo ni baya," huweza kukasirika au kuziba masikio. Mwenye kuulizwa hulazimika kufikiri, na aghalabu hujikuta amejihukumu mwenyewe kabla ya kumhukumu jirani yake.

Dalili ya kufaulu kwake ni kwamba swali lile liliiacha redio likaenda kutembea njiani. Siku moja nilikuwa kivukoni Likoni, saa ya watu kurudi makwao. Kijana mmoja, kwa kuharakia kuingia katika feri, alimpiga kumbo bibi mzee aliyebeba kikapu. Mama mmoja nyuma yao akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, je, huu ni uungwana?" Watu wakacheka. Kijana akaona haya, akasema, "Nisamehe, bibi," akampokea kikapu chake. Yule mama hakuhitaji kumtukana wala kuita askari. Maneno manne yalitosha, kwa kuwa kila aliyekuwapo aliyafahamu.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, limo katika neno lenyewe. Siku hizi tukisema mwungwana twamaanisha mtu mwenye adabu. Lakini katika pwani yetu ya zamani neno hilo lilikuwa na makali mengine. Mwungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na watu huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Uungwana ulitafutwa katika nasaba. Mtu aliweza kuwa mwema, mkarimu na mkweli, na bado asiitwe mwungwana kwa sababu ya asili yake. Watu wa Freretown walijua vema upande gani wa neno hilo waliwekwa.

Sasa tafakari, msomaji. Mzawa wa jamii hiyo hiyo, mwana wa mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, asimama mbele ya taifa zima na kuwauliza watu wa kila kabila na kila cheo kama matendo yao ni ya uungwana. Hawaulizi wametoka kwa nani, wala baba zao walikuwa na nini. Awauliza wametenda nini. Sidai kwamba Mbotela alikusudia kulipa deni la historia kila alipoketi studioni. Hilo alilijua mwenyewe. Ninachosema ni kwamba kazi yake ililifanyia neno hilo jambo la haki. Mithali yetu yasema mwungwana ni vitendo, nayo ilipata kwake mtetezi aliyeitetea kwa zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo, mhakiki asiyeona ila upande mmoja hajahakiki. Kipindi hiki kilikuwa na upungufu, nao si mdogo. Kadiri nilivyokisikiliza tangu utotoni, makosa yaliyoulizwa yalikuwa zaidi ya watu wadogo: mgeni asiyejua kuondoka, jirani aazimaye asirudishe, mlaji mwenye pupa. Sikumsikia akiuliza juu ya mkubwa aliyenyakua kiwanja cha umma, wala juu ya mtu aliyewekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, na mambo hayo yote yalitendeka katika nchi yetu katika miaka hiyo. Sababu yake si ngumu kuiona. Redio ilikuwa ya serikali, na mpaka katikati ya miaka ya 1990 hapakuwa na nyingine nchini ya kushindana nayo. Mtangazaji aliyeuliza swali kubwa angeulizwa yeye mwenyewe maswali makubwa zaidi. Mtu aweza kumtetea kwa kusema kwamba swali ni kama kisu: aliyefundishwa kulikatia kitunguu aweza kulikatia na kamba. Utetezi huo nakubali kuwa una ukweli, lakini hauumalizi upungufu. Kisu kilikaa jikoni muda mrefu mno.

Jambo la mwisho ni lile la Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri ya siku hiyo askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, wakaiteka Sauti ya Kenya mjini Nairobi. Walimwendea Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studioni kwa nguvu ya bunduki, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imeangushwa. Jaribio hilo lilishindwa siku ile ile, na redio ikarudi mikononi mwa serikali.

Wako wauliza kwa nini alisoma. Mimi naona swali hilo ni rahisi kuliuliza mtu akiwa amekaa kitini, wala hakuna bunduki mgongoni mwake. Swali lifaalo zaidi ni hili: kwa nini askari walimtaka yeye? Wangaliweza kutangaza wenyewe, kwani vyombo vyote vilikuwa mikononi mwao. Walimtaka kwa sababu watu waliizoea sauti yake na kuiamini. Imani hiyo aliichuma mwaka baada ya mwaka, kwa habari alizosoma, kwa michezo aliyotangaza, na kwa swali lake la uungwana. Asubuhi moja wenye silaha wakaichukua kama mwizi achukuavyo pochi ya mwenziwe, wakaitumia kununulia wasichokuwa nacho.

Hapa ndipo ninapoona funzo kwa kijana wa leo, ambaye hasikilizi redio moja tu bali sauti elfu katika simu yake, na nyingine zaigizwa kwa mashine hata zafanana na za wenyewe. Uzuri wa sauti si ushahidi wa ukweli. Hata sauti ya mtu mwaminifu yaweza kusema uongo, ikiwa aliyesimama nyuma yake ni mwingine. Kwa hiyo msikilizaji mwenye akili hujiuliza nani anasema, na zaidi ya hayo, nani anamsemesha.

Basi hukumu yangu juu ya kazi ya Leonard Mambo Mbotela ni hii. Alikuwa fundi wa Kiswahili chepesi na safi, aliyejua kufundisha bila ya kuchosha. Alilichukua neno lililowatenga wazee wake, akaligeuza kuwa mizani ya kupimia kila mtu. Hakuthubutu, au hakuweza, kuwapima kwa mizani hiyo wale waliokuwa juu. Kazi hiyo imebaki, wala si ya watangazaji peke yao. Wanafunzi wangu hupita Kengeleni asubuhi na jioni, na wengi wao hawajui kengele ile ilililia nini. Huwaambia kwamba aliyezaliwa katika jamii ile alituachia swali fupi, na kwamba hakuna sheria isemayo liulizwe jikoni tu. Laweza kuulizwa katika baraza la mtaa, katika ofisi ya chifu, na hata katika bunge.